Kiti cha Kusalia

Kwa miaka sita nilisali kitini. Kiti chenyewe cha plastiki, cheupe, kile kinachokodishwa kwenye harusi, na wala hakikuwa cha kwanza. Cha kwanza kilinivunjikia katikati ya sala ya adhuhuri, rakaa ya tatu, nikatua sakafuni kwa kishindo hata jirani akaja kuuliza kama tumeangusha kabati. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mbele yangu anasali, na nikamwona mabega yanamtikisika. Mpaka leo anaapa kuwa alikuwa analia kwa kumcha Mungu. Mwongo mkubwa.

Nilikuwa na kilo mia na kumi na nane. Mizani ya zahanati ndiyo iliyosema, na mie nilipoitazama nikamwambia muuguzi mizani yake mbovu. Lakini hapa kwetu Tibirinzi, Pemba, hakuna aliyeona kuwa nina tatizo. Mie ni mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, akika, hitima, ukiona moshi unapanda nyuma ya nyumba na sufuria anazoweza kukaa mtoto ndani, ujue mwiko ninao mie. Na mpishi wa shughuli akinenepa ndiyo sifa yake. Nani atamwamini mpishi aliyekauka? Nilikuwa nikipita njiani watu wanasema, "Mashallah, nyumba ile wanakula." Mzee wangu anatembea pembeni yangu kifua mbele, utadhani kila kilo ameileta yeye sokoni kwa kikapu.

Magoti ndiyo yaliyokataa. Yalianza kwa kulia, yakaendelea kwa kuuma, mwisho siku moja kwenye maulidi ya wanawake ikaingia magharibi, tukasimama kusali, nikasujudu nikashindwa kuinuka. Wallahi nilishindwa. Wenzangu wameshafika kwenye tahiyatu, mie bado nimo chini nahema. Wifi yangu, dada yake mzee wangu, akakata sala yake, akamwita na mwenzake, wakanishika huku na huku wakaninyanyua kama gunia la karafuu. Kesho yake nikaanza kusali kitini.

Najua, mwenye udhuru husali kwa kukaa, hata kwa kulala. Nimesoma chuoni mie, sikulelewa porini. Na mzee wangu akinikumbusha kila akiniona nimenuna: "Mungu hana haja ya magoti yako."

"Hana haja, ndiyo," nikimjibu. "Mwenye haja ni mie."

Maana tangu mtoto wa miaka saba, kila jambo langu zito nimelisemea pale chini, paji la uso juu ya msala. Nilipomwomba Mungu mtoto, nilimwombea pale. Mama alipofariki nililia pale, pasipo kuonekana na mtu. Juu ya kiti nilikuwa najiona kama naongea na simu isiyo na mtandao, na nisamehewe kwa kusema hivyo. Nilikuwa napataka mahala pangu pale, basi.

Binti yetu anafanya kazi Maskati, na ndiye aliyeshikilia mpaka nikaenda kuonwa na daktari Unguja. Nikakuta daktari mwenyewe kijana wa kike, umri wa binti yangu. Nikamwita mwanangu, akaniita mama, tukaelewana. Alipoanza kunieleza kuwa unene wangu ni maradhi, nikamkata kauli.

"Mwanangu, mie si mgonjwa. Mie mnene tu."

Hakubishana. Akaniuliza, "Sawa, mama. Wewe mwenyewe unataka nini? Upungue kilo ngapi?"

"Kilo hata sizitaki," nikamwambia. "Nataka kusujudu."

Akaniangalia, kisha akainama akaandika kwenye faili langu. Nikanyoosha shingo kusoma. Alikuwa ameandika: Lengo, kusujudu. Hapo ndipo nilipompenda yule mtoto. Akanieleza kuhusu sindano ya kila wiki, ya kujichoma mwenyewe tumboni, sindano nyembamba kama ya kushonea kofia. Inaifanya shibe ije mapema na njaa ikae mahala pake. Tutaanza na kipimo kidogo, tupande polepole, na huku nile samaki na maharage zaidi kuliko wali, nitembee, na kila baada ya muda nirudi anitazame. Nikasema sawa.

Nyumbani, mzee wangu akajitolea kunichoma. Mwanamume huyu amechinja ng'ombe wa Idi Kubwa miaka thelathini. Akaishika ile kalamu ya sindano, akanitazama tumbo, akatokwa na jasho, akasema anakwenda kuangalia kama mlango wa mbele umefungwa. Hakurudi. Nikajichoma mwenyewe, wala sikusikia kitu. Nilimkuta barazani anajipepea kwa kawa.

Wiki za mwanzo nilichefukwa kama mwenye mimba, na wenzangu jikoni wakaanza kutazamana na kuhesabu umri wangu kwa macho. Miaka hamsini na sita, toba! Lakini Mpemba hakimbii mvua ndogo. Nikavumilia, kichefuchefu kikapita, nikaanza kuona ajabu. Zamani kuonja kwangu pilau kulikuwa ni sahani nzima, na sahani ya pili ya kuhakikisha. Sasa naonja kijiko, najua chumvi imekaa, na mkono wenyewe unaweka kijiko chini. Nilikuwa nautazama mkono wangu nasema, ewe, una nini leo?

Sikumwambia mtu. Tulijua watatu tu, mie, mzee wangu na binti wa Maskati, ambaye ndiye aliyekuwa akiilipia dawa. Ningemwambia nani? Wifi yangu nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango. Ukimwambia jambo asubuhi Chake, adhuhuri linajulikana Konde. Na nilijua watakayoyasema: mtu mzima huyu, anajichoma sindano apate kiuno, anatafuta mume wa pili? Kwa hiyo dawa ikakaa kwenye friji ndani ya kopo la tende, maana nje ya Ramadhani hakuna anayefungua kopo la tende. Na kila mwezi mzee wangu alikwenda Unguja kuichukua, akirudi nayo ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kalamu zimeviringishwa kwenye kanga ili ziwe baridi zisigande. Mara moja bandarini Mkoani mpagazi mmoja aliiona chupa akamwomba kikombe. Mzee wangu, aibu tupu, akamnunulia chai kwa mama muuza chai.

Mwaka mmoja na miezi ukapita hivyo. Siku hiyo ilikuwa alasiri, nilikuwa peke yangu chumbani, nimeshakaa kitini nataka kufunga sala. Sijui nini kilichonipata. Nikainuka, nikakisukuma kiti ukutani, nikasimama juu ya msala kama watu. Nikarukuu. Nikashuka, goti moja, goti la pili, mkono, na paji la uso likagusa. Msala ulikuwa na harufu ya udi wa zamani na vumbi, nami nilikuwa nimeisahau harufu ile. Nikasahau na la kusema. Nikalia mpaka pua ikajaa, na nilipoinuka niliinuka mwenyewe, bila ya kushika kabati, bila ya wifi. Mzee wangu aliporudi alikiona kiti kiko nje uani kimeanikiwa matambara ya jikoni. Akaenda kunivunjia dafu.

Basi, kwangu mie ilikuwa sherehe. Kwa mtaa ilikuwa msiba.

Kwa daktari nilikuwa bado mnene. Kwa Tibirinzi nilikuwa maiti mtarajiwa. Madera yalikuwa yananipwaya, na hapa kwetu dera likimpwaya mwanamke, watu wanatazamana. Watu walianza kunisalimia kwa sauti ya chini. "U hali gani, bibi? Pole." Pole ya nini? Wengine wakamtazama mzee wangu jicho la upande, kama kwamba ananinyima chakula, na maskini akaanza kutembea na vikapu vikubwa makusudi. Sahani zikaanza kuja. Boko-boko, mkate wa kumimina, ndizi za nazi, tambi za sukari. Na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo kila nikiletewa lazima nipike nami nirudishie. Wifi yangu alikuja kuniletea kombe, ile sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani ikaoshwa, akanisimamia mpaka nikanywa yote.

"Wifi," akanambia, machozi yanamlenga, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikifa nitakwambia wewe wa kwanza," nikamjibu. Aliondoka analia kweli, nami nikaona vibaya, lakini sikusema.

Sasa nakuja kwenye upumbavu wangu. Nilipofika kilo themanini na nane, nikajiambia kazi imekwisha. Si ndivyo tulivyozoea? Dawa unakunywa mpaka upone, ukipona unaitupa, anayeendelea kunywa dawa ni nani kama si mgonjwa? Mie nimeshasujudu, nataka nini tena? Na nilikuwa nimechoka na zile pole. Mzee wangu akasema tumuulize daktari kwanza. Nikamwambia daktari ana wagonjwa wake, asisumbuliwe na mtu mzima wa afya. Wiki hiyo sikujichoma. Wala wiki iliyofuata.

Mwezi wa kwanza, shwari. Nikajiona mjanja. Mwezi wa pili njaa ikabisha hodi, na mwezi wa tatu ikahamia kabisa na mizigo yake. Si njaa ya tumbo tu, ilikuwa njaa ya kichwani. Niko jikoni kwa watu nakoroga, nawaza mkate wa ufuta ulioko nyumbani. Niko nyumbani nakula mkate wa ufuta, nawaza ukoko wa sufuria niliyoiacha. Nikawa nakula nimesimama, nikijiambia aliyesimama hajala. Nilijitukana sana siku hizo. Nilijiita mlafi, nikajiita mtu asiye na haya, nikafunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na futari nikafuturu kwa siku zote saba.

Na mtaa je? Mtaa ulifurahi! Kadiri nilivyokuwa naharibikiwa ndivyo walivyokuwa wananipongeza. "Mashallah, umenawiri!" "Alhamdulillah, damu imerudi usoni!" Mzee wangu akapewa mikono msikitini. Wifi yangu akapika kaimati bakuli mbili, akagawa nyumba hadi nyumba kwa kumshukuru Mungu kuwa nimepona, na mimi mwenyewe nikapelekewa sehemu yangu, nikala zote. Magoti yakaanza kulia kwenye ngazi. Kisha kwenye rukuu. Siku moja, asubuhi ya Ijumaa, nikashuka sijida nikahisi ile hali ya zamani, chini nimefika, juu sifiki. Nikashika mguu wa kitanda nikajivuta. Nilipomaliza nikatoka uani, nikaanua matambara, nikakipangusa kiti, nikakirudisha chumbani. Nilihuzunika siku ile kuliko nilivyohuzunika kwa kitu chochote miaka mingi.

Nilirudi kwa daktari nimejiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Mama, dawa ya presha unaiacha presha ikishuka?"

Nikaanza kupanga buibui langu, maana hiyo nayo nilikuwa naiacha.

Akaguna, akaandika kitu. Kisha akanieleza polepole, na nitasema nilivyofahamu mie. Mwili una kumbukumbu zake. Ukishakaa na uzito miaka, unauona ule uzito ndio mali yake, na ukipungua unadhani umeibiwa, unatuma njaa ikatafute kilichopotea. Ile njaa si ulafi wangu wala si kukosa haya. Dawa haikuwa imeuponya mwili ikaondoka, ilikuwa inaushikilia. Nilipoiachia, mwili ukarudi ulikotoka.

"Sasa nitachoma mpaka lini?" nikauliza.

"Muda mrefu, mama. Pengine siku zote, maadamu inakufaa na tunakuangalia."

Siku zote! Nilikasirika ofisini, nikakasirika botini, mpaka tunashuka Mkoani bado nimekasirika, na mzee wangu nyuma yangu na chupa yake ya chai. Nikamwambia, yaani mie nimekuwa mtumwa wa friji? Akasimama pale pale kwenye watu, wapagazi wanatupita na mizigo, akavua miwani yake.

"Hii navaa miaka ishirini," akasema. "Nikiivua nikasema nshaona vya kutosha, nitagonga mlango. Sasa mie mtumwa wa miwani?"

Mtu huyu kwa kawaida hana la maana la kusema mpaka baada ya chai ya pili. Nikamshika mkono tukaenda kutafuta gari. Na wiki ile nikaanza tena, kipimo kidogo kama mwanzo, na kichefuchefu chake, na kopo langu la tende.

Miezi ikapita, madera yakaanza tena kulegea. Lakini kwenye sala niliendelea na kiti. Niliogopa. Nilikuwa nimeshaonjeshwa nikanyang'anywa, na sikutaka kushuka chini nikakuta siwezi. Nikawa nasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikija nasema ijayo nyingine. Mtaa nao ukaanza upya. "Yamerudi," nikasikia watu wananong'ona. "Maskini, yamerudi yale maradhi."

Siku moja wifi yangu akaja kuniagiza kazi. Jumamosi baada ya adhuhuri kwake kuna dua, wanawake kama arubaini, anataka pilau na kachumbari.

"Dua ya nini?" nikauliza.

"Ya mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Jamaa. Usiulize sana, ana siri yake." Akawa anatazama ukuta.

Sikuuliza tena. Kwetu mgonjwa ana heshima yake, na si kila ugonjwa unatajwa. Jumamosi nikafika mapema, nikawasha kuni nyuma ya nyumba, nikakaanga vitunguu. Na kwa vile ilikuwa ya mgonjwa niliifanya kwa nia. Wallahi nilimwombea yule mtu. Kila nikigeuza nyama nikisema, ya Rabi, mja wako huyu simjui, lakini mpe nafuu, mrudishie nguvu zake, asije akaacha watu wake. Nikamhurumia mpaka nikajikuta nachambua viungo vizima kimoja kimoja asije akaumia jino.

Nikafunika sufuria, nikachukua sinia la kachumbari kuingiza ndani. Wamekaa mkekani, ubani unafuka, wamemaliza Yasini. Mwalimu wetu wa chuo, bibi mmoja ambaye ametusomesha karibu wote mtaa ule, ameinua mikono anaomba. Akasema, Mola mwondolee maradhi haya yanayomla. Mola mrudishie mwili wake. Mola usimfanye mumewe mgane.

"Amin," nikasema mlangoni, kwa sauti, tena kwa moyo.

Wote wakageuka. Mwalimu akabaki mikono juu, mdomo wazi. Wifi yangu akajifunika uso kwa mtandio. Nikatazama huku na huku, nani huyo mgonjwa, yuko wapi, mbona hamumweki mbele? Na macho yote yako kwangu. Yote arubaini.

"Kefule!" nikasema. "Mie?"

"Wifi, usikasirike," wifi yangu akasema ndani ya mtandio.

"Nisikasirike? Umenikodi nipike dua yangu mwenyewe?"

"Sasa ningempa nani?" Akafunua uso, na yeye ameshapandisha. "Hebu sema! Dua haiendi bila ya chakula. Na ungesikia kuna shughuli hapa nimempa mpishi mwingine, ungezungumza na mie tena?"

Kweli nisingezungumza naye. Mwaka mzima nisingezungumza naye. Nikaweka sinia chini, kwa hasira au kwa nini sijui. Wanawake arubaini wameacha kazi zao, wameacha watoto, wamekuja kunililia mie nisife. Na mie nimewaficha miaka miwili kwa kuogopa midomo yao. Nikakaa chini pale mlangoni, nikalia. Nao wakadhani ndio nakata roho, wakaanza kulia kwa sauti.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Sifi! Sina maradhi hayo! Najichoma sindano!"

Nikawaambia yote. Daktari, tumbo, kopo la tende, chupa ya chai. Nikawaambia nilipokuwa napungua ndipo nilipokuwa napona, na niliponenepa ni kwa kuwa niliacha dawa na magoti yakarudi kuharibika. Nikawaambia na daktari alivyosema, kuwa dawa hii si ya kumaliza kikombe ukaweka chini, ni ya kukaa nayo. Nikawaambia na kwa nini naitaka, kwa sababu ya kusujudu.

Mwalimu wa chuo akashusha mikono.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "ulipokuwa unapona, sisi tukalia. Na ulipoumwa, tukashangilia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na kaimati tukala?"

"Mpaka za chini ya bakuli."

Akaanza kucheka yeye, bibi wa watu, kwanza puani, kisha mabega, kisha akajilaza kwenye mto. Kicheko kikazunguka mkeka mzima. Wifi yangu alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado ananitazama, na akaniuliza swali moja tu, polepole: "Ulidhani nitakucheka?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kweli angenicheka, siku mbili hivi, halafu angekuwa ananisindikiza Mkoani kupokea dawa. Nikamwamini.

Ikaadhiniwa alasiri. Wakatandika misala, wakapanga safu, na wifi yangu, kwa mapenzi yake, akaingia chumbani akatoka na kiti cheupe cha plastiki akanitilia mwisho wa safu. Nikakitazama. Miezi mingi nimekuwa nikisema wiki ijayo. Nilijua nikishuka nikashindwa, nitanyanyuliwa kama gunia mbele ya watu wale wale.

"Hicho wekea kachumbari," nikamwambia.

Nikasimama katikati ya safu, wifi kuliani kwangu. Mwalimu akatusalisha, rukuu ikapita. Goti la kwanza likalalamika kidogo, la pili likafuata, na paji la uso likatua juu ya msala wa wifi, unanuka pilau niliyoipika mie. Nikakaa pale. Nikamwambia Mola wangu ahsante, na nikamwambia naogopa kuinuka. Kisha nikaweka mikono chini nikainuka, polepole, kama mkongwe, lakini niliinuka. Nikaenda ya pili. Alasiri ina sijida nane, na zote nane nilizipata. Kwenye ya mwisho niliusikia mkono wa wifi umesogea karibu na wangu, umekaa tayari, haukunigusa.

Tulipotoa salamu mwalimu akageuka.

"Dua hatukuimaliza," akasema. "Na ile niliyoiomba sasa naona haifai. Unataka tukuombee nini?"

Nikafikiri. Miaka miwili dua yangu ilikuwa moja, Mola nipunguze, Mola niponye, Mola unitoe kwenye sindano hii.

"Niombeeni isikatike," nikasema. "Dawa. Isikosekane, na mie nisiichoke."

Akainua mikono, na wote wakainua. Akaomba hivyo hivyo nilivyosema, kwa sauti ya chuoni, kama anavyowaombea wanaokwenda Hija. Na safari hii, nikimjua mgonjwa ni nani, nikasema Amin.